Mama, Safari Hii Hatukuwaimbia

Mama, Min Ouma, wewe uliyemzaa Ouma mume wangu na kunilea mimi,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyotukutanisha. Wewe Mjaluo wa ziwani, mimi Mkuria wa Kegonga, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hivyo tukakaa hapo katikati na Kiswahili chetu cha kubomoka. Wewe ulikuwa unasema "kitoto yangu hii," mimi nasema "samaki imekataa kuiva," na hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Majirani wakipita nyuma ya jikoni walikuwa wanafikiri tunagombana. Kumbe tunapika tu.

Barua hii siifungi. Nimeiandika asome yeyote, hata yule afisa wa mji mwenye kofia, kwa sababu nina neno lako ambalo lazima lisemwe mbele ya watu. Uliondoka ukiamini kwamba ni wewe uliyeitoa Pap. Nataka kukuambia, na wote wasikie: hukuitoa. Na haijaenda.

Nitaanza mbali kidogo, univumilie. Mtoto mdogo amelala na hiyo ndiyo nafasi yangu ya pekee. Akiamka nitaacha hapo nitakapofika, halafu nitarudi. Unajua vile nilivyo siku hizi. Nachoka mpaka nasahau kwamba nimechoka.

Unakumbuka siku Ouma aliponileta kwako? Ulinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, ukauliza, "Nyar Kegonga, watu wa kwenu wanajua samaki ni mnyama gani?" Nikakujibu, "Tunajua, Mama. Ni yule mwenye mifupa mingi kuliko nyama." Ukacheka ukapiga paja. Tangu hapo hukuniita kwa jina langu tena. Nilikuwa nyar Kegonga, binti wa Kegonga, na sikuwahi kusikia mtu akilitaja kwetu kwa upendo kama wewe ulivyolitaja, wewe ambaye hukuwahi kufika huko hata siku moja.

Kesho yake asubuhi ukanipeleka Pap. Kwa yule ambaye hajui, pap kwa Kijaluo ni uwanja tu, mahali palipo wazi. Lakini mtaani kwetu ukisema Pap, hata mtoto anajua ni upi: ule uwanja ulio kati ya nyumba zetu na barabara ya kwenda ufuoni. Asubuhi ni wa akina mama wa omena, wale dagaa wa ziwani. Tunatandika nyavu chini, tunamwaga omena, tunazigeuza kwa mkono jua likipanda. Mchana zikikauka tunakunja nyavu, na uwanja unakuwa wa watoto mpaka giza liingie. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ilikuwapo nilipokuja na wewe uliikuta.

Ulinifundisha kugeuza omena bila kuzivunja. "Usizikorofishe," ulisema. "Zishike kama unamwamsha mtoto." Mvua ikitishia, ulikuwa wa kwanza kupiga kelele na wa kwanza kukimbia, na miguu yako ile iliyovimba, ukikunja nyavu za watu wengine kabla ya zako. Na mchana, wenzako wakienda kulala, wewe ulibaki pale ukingoni na kigoda chako, unachambua mboga na macho yako kwa watoto. Watoto wa mtaa mzima, si wa kwako tu. "Nani huyo anasukuma mwenzake? Nitakuja na hii sufuria!" Sikuwahi kukuona ukienda na sufuria. Lakini waliogopa.

Halafu barabara ikawekwa lami.

Tulifurahi, tusidanganye. Vumbi liliisha, omena zikawa safi. Lakini malori ya mchanga na ya samaki yakaanza kupita kama yamekimbizwa, na boda nyuma yao, na mtaro uliochimbwa kando ya lami ukaachwa wazi, hauna kifuniko, umejaa maji ya kijani. Siku ile Achieng', binti yangu, alifuata mpira barabarani. Mimi nilikuwa upande ule mwingine na ujauzito wa huyu mdogo, naona kila kitu na siwezi kufika. Wewe uliruka. Sijui uliruka vipi na umri ule. Ulimshika nguo kwa nyuma, nguo ikachanika yote, mtoto akabaki mkononi mwako, na lori likapita likipiga honi kana kwamba wenye makosa ni sisi.

Hukumchapa. Ulikaa naye chini kwenye nyasi ukamfunika kwa leso yako. Halafu ukasema, "Kesho tunaenda ofisini."

Tukaenda. Ulivaa kitambaa chako cha kanisani, kile cheupe. Min Apiyo, jirani yetu anayekaanga samaki, alikuja na aproni yake ya mafuta, ukamkemea njia nzima. "Unaenda kwa serikali ukinuka mbuta?" Akakujibu, "Wacha wanuse, Min Ouma, hiyo ndiyo harufu ya kura zao." Tuliomba mambo machache tu. Matuta barabarani, mahali watoto wanapovukia. Kifuniko cha mtaro. Taa moja pale pembeni mwa Pap, ile taa ndefu ya mulika mwizi, kwa sababu wasichana wanaotoka kusoma jioni wanapita pale wakikimbia. Na tukaomba Pap iachwe kama ilivyo, labda wapande miti pembeni. Yule msichana wa mezani akasema wataangalia. Hakuwa mbaya, yule msichana. Alikupa kiti.

Hawakuleta matuta. Walileta hema.

Sasa hapa ndipo nataka watu wasikilize, kwa sababu ndipo ulipohukumiwa.

Asubuhi ile kijana wa kipaza sauti alipita mitaani akitangaza kwamba afisa wa mji anakuja Pap kukutana na wananchi. Na nyinyi akina mama wa ziwani, mgeni akija hamumwachi aingie hivi hivi kama upepo. Nimeishi nanyi, nimeona. Mgeni anasubiriwa njiani, anaimbiwa, anapigiwa vigelegele, anatafutiwa kwao ni wapi na mama yake ni wa wapi, halafu anasifiwa kwa jina la mama yake mpaka ajione mtu. Haijalishi ni nani. Nimeona mkimwimbia mtu aliyekuja kudai deni.

Wewe ndiye uliyekuwa mwanzilishi. Ulimwuliza dereva wake kwa pembeni, ukajua mama yake afisa aliolewa kutoka Sindo, na alipotia mguu uwanjani ukaanza: mtoto wa binti wa Sindo, umerudi kwa wajomba zako! Wenzako wakakupokea. Yule bwana mwenye kofia akashindwa kujizuia, akacheza, akafuta jasho, akacheza tena. Mimi nilikuwa nimesimama tu na Achieng'. Ukaniona.

"Nyar Kegonga, fungua mdomo! Mgeni atafikiri tumemnunia!"

"Mama, mimi sijui kupiga kigelegele."

"Hakuna mtu hajui. Mdomo haulipiwi kodi. Piga!"

Nikajaribu. Kikatoka kama kuku ameshikwa mkia. Ukacheka mpaka ukashika nguzo ya hema usianguke, na video yao inakuonyesha hapo, ukicheka na mkono juu, vigelegele vikilia kotekote.

Baada ya nyimbo afisa alitundika picha kubwa. Ilikuwa nzuri. Miti, viti, bembea, watoto wenye nywele za kulala, na mwanamke amemfunga mbwa kamba anamtembeza. Min Apiyo akainua mkono akauliza, "Mkubwa, huyo mbwa ni wa nani? Mtaani kwetu hatumjui." Watu wakacheka, hata yeye afisa alicheka. Alieleza kwa Kiingereza kirefu, akaweka Kiswahili kidogo mwishoni kama chumvi: bustani ya kisasa, maendeleo, nafasi za kazi. Pembeni mwa picha kulikuwa na kipande cha kijivu. Hakuna aliyeuliza kile kipande cha kijivu ni nini. Tukapewa soda, wakafungasha hema, wakaenda.

Hakuna aliyetuuliza kama tunakubali, Mama. Nimerudia siku hiyo kichwani mara nyingi nikiosha vyombo, nikinyonyesha, na sijapata mahali tulipoulizwa. Tulimkaribisha, akaonyesha, tukanywa soda. Basi.

Vigingi vilikuja mvua zilipoisha. Tulifika na nyavu zetu asubuhi tukawakuta vijana wenye fulana za kung'aa wakipigilia vijiti vyenye rangi nyekundu kutoka barabarani hadi karibu na nyumba zetu. Ukawauliza ni vya nini. Kijana mmoja akakujibu kwa heshima, "Ni maegesho ya malori, Mama. Bustani itakuwa kule." Kule kwenyewe palikuwa padogo kama jikoni kwako. Kile cha kijivu kilikuwa kimekula picha nzima.

Malori, Mama. Tuliomba yapunguzwe mwendo, wakatuletea yalale mlangoni.

Siku tuliyorudi ofisini kulalamika nilikushika mkono kupanda ngazi, kwa hivyo nakumbuka mkono wako. Ulikuwa na hasira na mkono ulikuwa na nguvu. Safari hii hatukupewa viti. Mtu mmoja ambaye sikuwahi kumwona alichukua simu yake, akaibonyeza, akakugeuzia. "Mama, si huyu ni wewe?" Ulikuwa ni wewe. Unaimba, unacheka, umeinua mkono, na nyuma yako akina mama wote. "Wananchi waliupokea mradi kwa nderemo na vigelegele. Imeandikwa hivyo. Sasa mnataka kusema nini tena?"

Ulitazama ile simu mpaka ikazima yenyewe.

Tulipokuwa tunashuka, mkono wako ulikuwa umelegea. Tukafika kwenye ile njia ya kuingia mtaani, ukasema kwa sauti ndogo, "Nyathina, nimepatia watu uwanja ya watoto na mdomo yangu." Nyathina, mtoto wangu. Uliniita hivyo siku hiyo, siyo nyar Kegonga. Nikasema hapana Mama, si hivyo. Lakini nilisema tu vile mtu anasema. Sikuwa na maneno ya kukushindia.

Kuanzia hapo hukuimba. Kanisani ulisimama na kitabu kimefunguka na midomo imefungwa. Jirani alipojifungua mapacha, akina mama wakakimbia kwako uwaanzishie, ukasema koo linauma. Hata jikoni, wewe ambaye ulikuwa unaimbia sufuria, ulikaa kimya. Ouma alikuja kutoka Mbita, anakotengeneza injini za mashua, akaniuliza, "Mama anaumwa nini?" Nikamwambia hali. Akakasirika, akataka kwenda kung'oa vigingi. Ukamkataza. "Utang'oa video pia?"

Halafu presha ikapanda, na unajua yaliyobaki. Tulikupeleka nyumbani kijijini, tukakulaza pale mlipopachagua na Baba. Akina mama wa Pap walikuja wote. Hakuna aliyejua wimbo uanzie wapi. Tulizoea uanzie kwako.

Mtoto ameamka, amenyonya, amelala tena. Niendelee.

Kumbe kabla ya kuleta mashine zao ilibidi wafanye kikao kimoja tena, cha mwisho. Tangazo likapita: hema, soda, muziki, afisa mwenyewe. Tulikuwa Pap tukigeuza omena katikati ya vile vigingi, maana hatukuacha hata siku moja. Vigingi tumevifunga kamba tukaanikia nepi. Min Apiyo akasema, "Mimi siendi. Nikienda mdomo wangu utaimba wenyewe, najijua." Mwingine akasema tukikosa kwenda wataandika hakuna aliyekataa. Wakaanza kubishana, wote pamoja, kwa Kijaluo cha haraka ambacho bado kinanipita masikio.

Nikasema, "Twende wote. Lakini tusiimbe."

Wakanigeukia. Mama, ungeona zile nyuso. Ni kama nimewaambia waende uchi.

"Mgeni asiimbiwe?"

"Asiimbiwe."

"Asipigiwe hata makofi?"

"Hata makofi. Na soda tusinywe."

Mama mmoja mtu mzima, rafiki yako wa kanisani, akaniambia kwa uchungu, "Nyar Kegonga, hiyo ni kumtukana mtu. Kwani kwenu mnapokea wageni kwa mawe?"

Nikamjibu, "Hapana, Mama. Kwetu tunampa kiti na maji, halafu tunamwuliza amefuata nini."

Nikawaambia la moyoni. Niliwaambia kwamba Min Ouma hakuuza kitu. Alifanya kile mlichomfundisha na yeye akawafundisha, alimheshimu mtu. Wao ndio walichukua heshima yake wakaigeuza sahihi. Kwa hivyo safari hii tuifiche. Wakija na simu zao, wapige picha ya kimya, tuone wataandika nini. Min Apiyo akapangusa pua kwa ile aproni, akasema, "Mimi nitatafuna jojo. Nikiona nimeelekea kuimba, natafuna."

Na hivyo ndivyo tulivyofanya.

Gari lilisimama. Njia ilikuwa tupu, hakuna mtu wa kumsubiri. Afisa akashuka, akavuta koti, akasimama kidogo pale kando ya mlango akingoja. Ungemhurumia. Miguu yake ilikuwa tayari kucheza. Tulikuwa tumeshakaa chini ya hema, tumenyooka, mikono mapajani, akina mama safu baada ya safu, wanaume nyuma. Mtu akampa kiti. Achieng' akampelekea maji, kwa magoti, vile ulivyomfundisha. Alikunywa. Nzi walisikika.

Kijana wa kipaza sauti akajaribu. "Akina mama wa Pap, hamjambo? Hamjambo tena? Ala! Mbona kimya hivi, mmefiwa?"

Min Apiyo akaacha kutafuna. "Ndiyo. Tumefiwa."

Kijana akarudisha kipaza sauti polepole. Wakaweka muziki, ule wa kutikisa mabega, na Mama, niliona mabega yakitaka. Hayakutikisika. Muziki ulipiga peke yake mpaka mzee wa mtaa akaona aibu, akawaambia wauzime.

Afisa akazungumza. Alizungumza vizuri, na safari hii kwa Kiswahili kitupu, kwa sababu mtu akiwa na wasiwasi Kiingereza humkimbia. Maendeleo, ushuru wa malori, vibanda vya biashara. Alipomaliza akapiga makofi mwenyewe, pa, pa, pa, akaangalia kulia na kushoto, akayaacha. Akauliza, "Sasa mbona mmeninunia? Mwaka jana mlinipokea kama mtoto wenu."

Nikasimama. Mtoto mgongoni, leso imelegea, maziwa yamelowesha blauzi. Sikujipanga, Mama. Niliposimama ndipo nilijua nimesimama.

Nikamwambia, "Karibu sana, mkubwa. Hatujakununia. Kiti tumekupa na maji umekunywa. Lakini kukukaribisha ni kitu kimoja, na kukupa uwanja ni kitu kingine. Mwaka jana tulikukaribisha, mkaandika tumekupa. Leo tumeamua msichanganye. Naomba huyo mtu wako mwenye simu aiwashe, anirekodi mimi."

Akamtazama yule wa simu. Yule akawasha.

Nikasema tuliomba nini, tuliomba lini, na kwamba hatukujibiwa. Matuta. Kifuniko cha mtaro. Taa. Nikasema Pap ndiyo mahali pekee ambapo watoto wetu wanaweza kukimbia bila kuvuka lami, na ndiyo mahali pekee pa kuanika omena zinazolipa karo yao. Nikasema malori yana nafasi kule nje ya mji, mahali hakuna mtoto, na kila mtu hapa anapajua. Nikasema, "Soda zenu ziko kwenye kreti, hatujafungua hata moja. Mrudi nazo. Na asiseme mtu kwamba tulikubali kwa sababu hatukupiga kelele. Anayekataa maegesho atoke hemani, asimame juani."

Nikatoka mimi. Jua lilikuwa la saa saba, lile linalochoma utosi. Kwa muda nilisimama peke yangu na mtoto mgongoni, na nikawaza, haya basi, nyar Kegonga, umejiaibisha. Halafu nikasikia viti. Yule rafiki yako wa kanisani ndiye aliyetangulia, na fimbo yake. Min Apiyo. Safu ya kwanza, ya pili, wanaume wale wa nyuma, vijana wa boda ambao sikutegemea kabisa. Tulisimama tu kwenye jua, watu wa mtaa mzima, na chini ya hema akabaki afisa, dereva, mzee wa mtaa, kijana wa kipaza sauti na yule wa simu. Hata mzee wa mtaa alikaa kidogo, akajikohoza, akachukua kofia yake akatufuata. Sauti pekee ilikuwa ya mwanangu, ambaye aliamua kulia hapo hapo kwa nguvu zake zote. Nilimwacha. Nilifikiri, lia baba, wewe hujakatazwa.

Afisa akaja hadi ukingo wa kivuli. Akauliza, si kwa ukali, "Kiongozi wenu ni nani?"

Nikajibu mimi. "Kiongozi wetu ni yule mama aliyekuita mtoto wa binti wa Sindo. Mlimwonyesha video yake mwenyewe hapo ofisini. Alikufa akifikiri aliwauzia uwanja wa wajukuu wake."

Mama, alivua kofia. Nitampa haki yake, alivua. Alisimama akiizungusha mikononi. Akasema, "Mimi sikumwonyesha." Halafu akasema, "Alimtaja mamangu." Sikumsaidia na neno. Nilikuwa na huruma lakini niliikalia. Mwisho akasema, "Nitaandika kwamba wananchi wamekataa." Nikamwambia, "Andika hapa, usome kwa sauti." Akaandika, akasoma kwa sauti, mbele ya ile simu. Wananchi wamekataa. Hatukupiga makofi hata hapo.

Sasa unataka kujua kama tumeshinda. Sijui, Mama, sitaki kukupamba. Mashine hazijaja. Wanasema mradi umesimamishwa kwanza, na hilo neno kwanza sote tunalisikia. Matuta hawajaleta. Kwa hivyo tuliweka letu wenyewe, tuta moja la mawe na udongo, pale unapojua. Wakatuma watu wakaliondoa. Tukaweka tena. Wakaliondoa, tukaweka. Siku hizi wamechoka. Waendesha boda wengine wanatutukana wakipita juu yake, lakini wanatutukana polepole. Mtaro tumeufunika kwa mbao za mashua mbovu ambazo Ouma alileta. Taa bado. Ya taa tunarudi ofisini Jumatatu, na Jumatatu inayofuata, na ile nyingine. Msichana wa mezani ameshajua majina ya watoto wetu.

Naona ofisini wananiita yule mama mkorofi. Sawa. Nimeitwa mengi. Mimi nilisoma shule ya kawaida, nikaishia pale nilipoishia, sina Kiingereza cha kubishana na michoro. Lakini najua nikiulizwa na nisipoulizwa. Na kwa yeyote anayesoma hii akiwa na kiti na muhuri: mkija kwetu tutawapa maji. Msikosee tena mkafikiri maji ni idhini.

Jambo moja linaniuma nami nalikataa. Wiki zile baada ya kikao, akina mama walianza kuogopa kuimba kabisa. Harusi ikapita kimya kimya kama msiba. Mtu anafungua mdomo, anaangalia kwanza nani ana simu. Nikasema hapana. Wakichukua Pap ni wizi, wakichukua na wimbo ni wizi wa pili, na huo tutakuwa tumewapakulia wenyewe. Kwa hivyo Jumapili iliyopita, tulipokuja kijijini kusafisha kaburi lako, nilimwambia Min Apiyo aanzishe. Akasema hawezi, nafasi hiyo ni yako. Nikamwambia Min Ouma hajawahi kumnyima mtu nafasi. Akaanzisha. Alianza juu mno, sauti ikavunjika, akaanza upya. Tukaimba pale mbele yako, wageni na wenyeji, mpaka wajukuu wakachoka na Ouma akaenda nyuma ya nyumba ili tusimwone. Sijui kama ulisikia kigelegele kibaya. Kilikuwa changu. Sijakitengeneza na sitakitengeneza.

Hiki ndicho nilichotaka kukuambia siku ile njiani na sikuweza. Ulimheshimu mgeni, Mama. Aliyeuza ni yule aliyeandika uongo juu ya heshima yako, na mzigo huo ni wake. Mimi nimeutoa kwako mbele ya watu, chini ya jua, na hakuna aliyenipinga. Uuache.

Sasa nakuaga. Wote wawili wameamka, mmoja analia na mwingine ameshavaa viatu, ananiambia jua limepoa na wenzake wako Pap tayari. Nimechoka, Mama, aol kabisa, kama ulivyokuwa unasema. Lakini lazima mtu akae pale ukingoni awaangalie, na siku hizi ni zamu yangu.

Mke wa Ouma, binti yako,
nyar Kegonga